Sindano Ambazo Hatukuzihesabu

Mimi ni mtu wa haya. Shuleni nikiulizwa swali najibu nikiangalia dawati, na wenzangu husema mimi huongea na mbao. Likizo ile ya Hali ya Hatari, serikali ya Wazungu ikipigana na watu wa msituni, mama alinipeleka Embu nikae na tata, dada yake, aliyekuwa nesi katika hospitali ya misheni. Kijijini kwetu watu walikuwa wamelazimishwa kuchimba handaki kutuzunguka, na homgadi, walinzi wenyeji wa serikali, walikuwa wakiingia nyumba yoyote waliyotaka. Mama alidhani hospitali ni salama.

Kumbe hata kwenye mlango wa wodi ya kina mama alikaa homgadi, bunduki magotini. Alisikiliza kila kitu. Nikipita na beseni nilijibana ukutani.

Kazi yangu ilikuwa kuchemsha sindano na kuwaelezea wagonjwa yale daktari Mzungu aliyoandika. Jumatatu akaja mama mmoja kutoka upande wa Siakago, miguu imejaa vumbi jekundu, amebeba mtoto mwenye kichomi. Mtoto hakulia. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi, basi. Tata alimchoma sindano ya kwanza.

Asubuhi yake tata alinituma nimwambie yule mama matibabu yatakavyoendelea. Nilisoma karatasi, macho yangu hukohuko, nikasema kwa lugha yetu, "Mtoto atachomwa mara saba."

Kwa Kiswahili saba haina ubaya wowote. Lakini kwa lugha ya nyumbani ni namba ya laana, bibi yangu hakuitaja hata akihesabu mbuzi. Na miaka hiyo watu walikuwa wakinong'ona kwamba kwenye kiapo cha wapiganaji wa msituni mtu huonjeshwa vitu mara saba. Nilijua haya yote. Nilijua tangu nikiwa mdogo, na nikasema tu, kwa sababu karatasi ilisema.

Yule mama alimfunika mtoto kwa shuka haraka. "Kairitu, kasichana wewe," akasema kwa sauti, "unataka kumlisha mwanangu kiapo?"

Nikasikia kiti cha homgadi kikisogea.

Mtu aliyeshikwa akilisha wenzake kiapo alinyongwa. Jambo hilo hata watoto walilijua. Nilisimama na karatasi yangu, na nilihisi mkojo ukinitoka kidogo. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

"Kiapo gani hapo?" homgadi akauliza, amesimama mlangoni.

Tata alikuwa anapanga dawa. Hakukimbia. Alinyanyua sindano kubwa kuliko zote, akaielekeza kwenye nuru. "Afande, mama anasema dawa yangu inauma kama kiapo. Karibu ujaribu. Lakini hii huchomwa matakoni."

Bibi mmoja mgonjwa akacheka mpaka akakohoa. "Mchome, Sista, tangu asubuhi amekaa tu hapo kama kuku anaatamia."

Homgadi akarudi kwenye kiti. Lakini hakuacha kuniangalia.

Yule mama alikuwa tayari anafunga mtoto mgongoni. Hakuwa na pasi ya kutembea siku hiyo, na njia ya Siakago ilikuwa na askari. Mtoto asingechomwa angekufa. Wakiondoka, labda wafe wote wawili. Na ni mimi niliyesababisha.

Nilifikiri tata atamkaripia. Alikaa sakafuni, miguu imenyooshwa kama yuko jikoni kwake, akauliza mbuzi wameachiwa nani. Yule mama akaendelea kukaza fundo la shuka. Akauliza kama mtoto alinyonya. Mama akatikisa kichwa, kisha akaanza kulia bila sauti.

"Na mimi ningeogopa," tata akamwambia. "Hapa hatuhesabu, mama. Kuna ya leo tu. Kesho ukikataa, utanikataza mimi mwenyewe, nikikuangalia."

Ilichukua muda mrefu, chai ya wagonjwa ikapoa. Mwishoni mama alifungua shuka.

Tulipotoka nje nilianza kuomba msamaha. Tata akanikatiza. "Ulimwangalia usoni?"

"Hapana."

"Basi. Kutoka leo ni wewe utampelekea habari."

Nilimchukia kidogo siku hiyo.

Kila asubuhi nilipita mbele ya ile bunduki, nikapiga magoti karibu na kitanda, nikajilazimisha kuinua macho. Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi. Nilisema, "Mama, ni ya leo," na yeye alinitazama muda mrefu kabla ya kukubali. Siku nyingine nilifikiri atapiga kelele tena, nikaendelea kumtazama.

Siku ya mwisho aliniuliza, "Zimebaki ngapi?" Homgadi aligeuza kichwa.

"Ni ya leo," nikasema. "Ya kesho hakuna."

Akafungua paja la mtoto mwenyewe. Tata alipochoma, mtoto akalia, kilio kikubwa cha hasira, mpaka homgadi akasema anyamazishwe. Mama yake hakumnyamazisha. Na mimi nilikaa pale pale, bado naogopa, nikisikiliza.