Malengelenge kwenye Jiko la Mize

Mize binti Sudi alizaliwa Jibondo, kisiwa ambako maji baridi, yasiyo na chumvi, yalikuwa yakiletwa kwa mashua, na aliyeoshea vyombo maji ya kunywa alionekana hana akili. Aliolewa Kilindoni, akafiwa na mume, akaanza kukausha samaki kwa moshi na kuwauza sokoni. Mpaka leo sufuria zake huzisugulia pwani. Ana mkono mzuri na mdomo mchungu, na kukiri kosa hakujui kabisa.

Asubuhi hiyo aliliburuta jiko lake jipya hadi karakana ya Laurean, fundi wa kuchomelea aliyetoka bara. Lilikuwa pipa la chuma ambalo Laurean alilitia mlango na bomba la moshi, akalipaka rangi nyeusi. Mize aliliwasha mara moja tu, rangi ikafura malengelenge, na alipofungua mlango magamba yakawaangukia samaki mbele ya wateja. Tangu hapo walikuwa wakimpita bila kugeuza shingo, na jina lake sokoni ndilo lililokuwa likimlisha.

Hakutoa salamu. Alimwanika Laurean kwa kila aliyepita: tapeli, rangi yake masizi, mwenye akili asimpe hata jembe. Watu wakajaa. Mmoja aliyekuja kuagiza geti akageuza baiskeli akaondoka.

Laurean alitumbua lengelenge kwa bisibisi. Chini yake chuma kilikuwa kimelowa.

“Pipa ulilileta wewe, mama, ukasema umeshaliosha. Uliliosha kwa maji gani?”

Akamsogezea ncha ya bisibisi iliyolowa.

“Onja hapa.”

Hakuhitaji kuonja. Alikumbuka alivyolisugua pwani kwa maji ya chumvi, akaona fahari lilivyotakata. Aibu ilimpanda, lakini hasira ikaiwahi.

“Fundi gani hasuuzi chuma kabla ya kupaka?”

Hilo lilikuwa kweli, na lilimchoma Laurean. Akasema ataikwangua rangi yote, alisuuze pipa na kulipaka upya bure, ila kwanza Mize atamke mbele ya watu kwamba chumvi ni yake.

Mize aliwatazama. Nusu yao walikuwa wateja wake.

“Rangi mbovu,” akasema, akaliburuta jiko kurudi nalo nyumbani.

Mwaka haukuisha kutu ikatoboa mlango. Laurean, aliyekosa kazi, alifunga karakana akarudi bara. Mize ameshawaendea mafundi wengine wawili awaombe jiko jipya. Wote wamemjibu kwa adabu kwamba wana kazi nyingi.