Vikaratasi vya Bathsheba

Bathsheba nilimpata kwa kosa langu mwenyewe. Mimi nauza omena, wale dagaa wa ziwani. Nazitoa Muhuru Bay, nauza Homa Bay, kisha Oyugis siku ya soko, na mwaka huo mifuko ya karatasi iliniishia nikawa nafungia wateja kwa kurasa za kitabu cha hadithi alichoniachia jirani akihama. Soko lililofuata akaja mwanamke mwembamba, futi ya kupimia nguo shingoni, akawapita wateja wote waliopanga foleni. Hakutaka omena. Alitaka kurasa zilizobaki.

“Mama, huyo msichana walimfungia ndani ya tangi ya maji,” aliniambia. “Alitoka?”

Sikujua. Sikuwa nimesoma hata mstari mmoja, na kurasa zenyewe zilikuwa zimeshatapakaa katika majiko ya Oyugis. Alinitazama mpaka nikaona aibu, mimi Milka, ambaye nimegombana na madereva na askari wa kaunti bila kuinamisha macho.

Nilikuja kumjua vizuri baadaye. Ni mke wa Omwenga, Wakisii waliohamia Oyugis kwa biashara. Omwenga ana duka la misumari na mabati, tena ni mzee wa kanisa la Wasabato. Bathsheba ni fundi cherehani. Zamani alikuwa na kibanda chake sokoni, lakini mama mkwe wake, Nyanchoka, alipopooza upande mmoja, cherehani ilihamishiwa kibarazani nyumbani, upande wa pili wa ua, hatua kumi na moja kutoka chumba cha mgonjwa. Bathsheba naye akahamishwa pamoja na cherehani. Sina namna nyingine ya kulisema jambo hilo. Alimwinua yule mama, akamwogesha, akamlisha, akamgeuza ubavu, na kanisani akawa anakwenda kwa zamu na mumewe. Sokoni alikuja mbio na kurudi mbio, kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Miaka minne hakulala nje ya boma lile hata siku moja. Nilimwonea huruma, na pia nilikasirika, maana Omwenga ana dada watatu na wote wana mikono.

Kosa langu nililifidia kwa vitabu. Homa Bay nina mteja wangu, Liz, muuza dawa, ambaye yeye na wenzake kumi na wawili hununua vitabu vipya na kuvizungusha, kisha kila baada ya miezi mitatu hukutana Jumapili kuvijadili. Nilimwomba kimoja. Nikakiweka juu ya gunia, kikafika Oyugis kikinuka omena, na kiliporudi kilikuwa na kikaratasi ndani, kimebanwa kwa pini. Bathsheba alikikata kwenye ile karatasi ya kaki anayokatia mitindo ya nguo, akaandika maoni yake kwa mwandiko wa kubana.

Mimi kusoma kimya siwezi. Tulifundishwa kwa sauti na nimebaki hivyo. Basi nilisimama dukani kwa Liz nikasoma, na watu waliokuja kununua dawa ya malaria wakasahau malaria yao.

Kuhusu hadithi ya upelelezi: “Muuaji nimemjua ukurasa wa sitini. Watu wote humu wanakula isipokuwa yeye. Mwandishi alikuwa na haraka naye, akasahau kumpa njaa.” Kuhusu kitabu cha mapenzi: “Kijana ana macho, mabega na gari. Hana mama. Ni nani alimzaa? Nileteeni mapenzi yenye mama mkwe ndipo nitaamini.” Kuhusu kile cha kufundisha watu kutajirika: “Anasema siri ni kuamka saa kumi alfajiri. Mimi naamka saa kumi mwaka wa nne huu. Labda alisahau kuandika sehemu ya pili.” Mheshimiwa mmoja aliandika maisha yake kurasa mia nne, naye Bathsheba akahesabu: “Mkewe ametajwa mara tatu, na mara mbili analeta chai. Huyo mama akiandika chake, nataka kuwa wa kwanza.” Mashairi aliyaogopa. “Sikuelewa,” aliandika. “Lakini la nne nimelia. Msiniulize zaidi.”

Kikaratasi ninachokikumbuka kuliko vyote kilitoka kwenye kitabu cha mambo yajayo, watu waliofungiwa ndani ya chombo wakielekea nyota fulani miaka thelathini. “Mwandishi anaiita hii safari,” alisema Bathsheba. “Watu wale wale, ukuta ule ule, chakula kile kile, na hakuna anayetoka. Tena hajatuambia nani anamwaga ndoo. Mimi ningemwambia.” Hicho hawakukicheka. Liz alikiweka ndani ya droo yake.

Baada ya mwaka mmoja wale wa Homa Bay walikuwa wanasoma kikaratasi kwanza na kitabu baadaye.

Nyumbani mambo yalienda kwa siri. Omwenga si mtu mbaya, lakini kwake hadithi ni uongo, na baba wa uongo ni Ibilisi. Kwa hiyo Bathsheba alishona majalada ya Lesoni, kile kitabu chao cha masomo ya Shule ya Sabato, yakawa kama foronya, na kila kitabu nilichompelekea alikivisha. Mchana alikaa kando ya kitanda, akamsomea Nyanchoka kwa sauti huku akitafsiri kwa Kikisii papo hapo. Bibi yule hakuwahi kwenda shule, lakini hadithi aliipenda kuliko uji. Alilia na wajane wa kwenye vitabu, alidai mlango ufungwe mizimu ilipotokea, na wezi aliwatukana kwa majina. Omwenga alipita nje, akasikia sauti inasoma na mama yake anaguna, akamshukuru Mungu kwa mke aliyempata. Bathsheba alinisimulia hayo akicheka, kisha akaacha kucheka ghafla, akasema hofu yake ni siku Omwenga atakapofungua jalada.

Mwaka huu hofu hiyo ilizidi. Mambo madogo yalianza kumsumbua. Alikuta fimbo ya bibi, iliyokuwa kumbukumbu tu, imeegemea upande usio wake. Sukari ilipungua. Kandambili zilizokaa uvunguni zilikuwa na tope. Siku moja kitabu alichokiacha rafuni alikikuta mezani, juu chini. Kwa sukari aliwashuku panya; kwa mengine yote alimshuku Omwenga, kwamba anampekua kimya kimya. Nilimwambia asichokoze nyuki ambao hawajamwuma.

Kisha Liz akaniambia nimlete. Mkutano wa Agosti walitaka kukaa na Bathsheba mwenyewe, siyo na vikaratasi vyake, na angelala kwa Liz ili arudi Jumatatu bila haraka. Nilimpa habari hizo. Alishika ukingo wa meza yangu, akaniuliza kama Homa Bay kutoka barabarani ziwa linaonekana bado. Nilimwambia ziwa halijahamia mahali.

Alijipanga wiki tatu. Wifi yake mmoja alikubali, kwa manung’uniko, kuja kukaa na bibi. Omwenga aliambiwa ni safari ya vitambaa, na vitambaa kweli vilikuwamo. Alishona gauni la kijani lenye mifuko miwili, mmoja wa leso na mwingine wa kitabu. Sijawahi kumwona mtu mzima akiisubiri Jumapili kwa namna ile, na nikawa namwombea kwa rozari yangu ingawa najua Wasabato hawaitaki.

Jumamosi ya kabla ya safari nilipita kwake kukubaliana saa ya kuondoka, nikakuta nyumba imejaa. Nilisahau ilikuwa siku yao ya Meza ya Bwana. Wenzetu hawa hawashiriki mkate kabla hawajatawadhana miguu, wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake, na kabla ya maji unamwambia mwenzako ulichomkosea. Kwa wagonjwa kanisa huja nyumbani. Mzee Mogire wa kanisa lao alikuwa amekuja na mkate, na mashemasi wa kike na beseni na taulo. Nilisimama mlangoni mwa chumba cha bibi nikitazama.

Bathsheba alipiga magoti, akamwosha mama mkwe wake, akamfuta. Ilipofika zamu ya bibi, desturi yao ya miaka minne ilikuwa achovye vidole tu akiwa kitandani. Safari hii alishusha miguu chini. Akashika fimbo. Akashuka taratibu mpaka magoti yakagusa sakafu, akauvuta mguu wa mkaza mwanawe ndani ya beseni, akauosha kwa mikono yote miwili. Kisha alimwinamia sikioni, akasema maneno mengi ya Kikisii kwa sauti ndogo. Mimi Kikisii sijui. Nilimwona Bathsheba akifumba macho.

Shemasi mmoja alianza wimbo na nyumba nzima ikaupokea. Omwenga aliingia, akamkuta mama yake amepiga magoti, akalia kama mtoto, na mimi nililia naye. Mzee Mogire alisema jambo kama hili halilazwi. Kesho, Jumapili, kanisa lote litakuja kutoa shukrani katika boma hili hili, na dada Bathsheba, aliyemsomea mama Neno kila siku mpaka akainuka, atasimama kushuhudia.

Bathsheba alikuwa bado amekaa, miguu ndani ya beseni. Alinitafuta kwa macho akanitikisia kichwa, polepole, kwamba niende peke yangu.

Nilienda. Niliwasomea vikaratasi vyote, wakacheka, lakini kiti walichomwekea kilibaki kitupu na sikuifurahia siku. Nilimlaumu Mungu kidogo pia, kwa kuchagua Jumamosi ile kati ya Jumamosi zote. Oyugis, niliambiwa, watu walikuwa zaidi ya mia moja. Bathsheba alipika wali na kuku tangu alfajiri, na alipoitwa kushuhudia alisema maneno manne: “Bwana ametenda. Karibuni chakula.” Gauni la kijani hakulivaa.

Wiki mbili hakuonekana sokoni, nikamfuata. Alikuwa kwenye cherehani, uso umekauka. Nyanchoka alikuwa ng’ambo ya ua, ameketi juani nje ya chumba chake, fimbo mapajani. Bathsheba alinikabidhi kitabu cha upelelezi, kikaratasi kimebanwa ndani, akaendelea kukanyaga cherehani.

“Milka,” bibi aliniita. “Kuja hapa. Huyu amekataa kunisomea. Imebaki kurasa ishirini na sijui nani aliua daktari. Sasa ni Lesoni tu, Lesoni ya kweli. Wewe nisomee hata hiyo karatasi.”

Nilimtazama Bathsheba. Hakuinua kichwa. Hadi leo sijui kama alikiandika kwa ajili ya Liz au kwa ajili ya saa ile. Nikakaa kando ya bibi, nikafungua, nikaanza kwa sauti yangu ile ile ya darasani:

“Liz, poleni kwa Jumapili. Kitabu ni kizuri, lakini juu ya upelelezi msiniamini tena. Nilikuwa na kesi nyumbani. Fimbo ilihama. Sukari ilipungua. Kandambili zilikuwa na tope. Kitabu kilishikwa na mtu asiyejua juu ni wapi. Nikashuku panya, nikamshuku mume wangu. Siku ya kuoshwa miguu aliniambia mwenyewe: ‘Mwanangu, mimi natembea tangu mavuno ya mwaka jana. Wewe ukitoka natembea, ukirudi nalala. Niliogopa nikipona utarudi sokoni na vitabu vyako, mimi nibaki na ukuta. Nisamehe, na kesho uende.’ Kabla sijamjibu walianza kuimba. Mume wangu alilia kwa furaha. Ningesema nini mbele yake? Nikapika. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye fundi wa nguo. Mwisho wa hii bado sijaufikia.”

Nilipofika mstari wa tatu nilijua ninachosoma, lakini ulimi haukupata pa kusimama. Nilipomaliza, cherehani nayo ilikuwa imenyamaza. Nilitamani gunia langu linifunike.

Nyanchoka aliuvuta mtandio mpaka mdomoni. “Ni kweli yote,” alisema, kwa Kiswahili, ili hata mimi nisikie. “Nimeiba mwaka yako, Bathsheba. Mungu hakuniinua siku hiyo. Nilikuwa nimeinuka.”

“Mama,” Bathsheba alimwita. “Kuja hapa.”

Bibi alinigeukia, akanyoosha mkono, nami nikainuka kumshika kama alivyozoea kushikwa. Bathsheba akanionyesha kwa kidole nikae. Basi Nyanchoka aliinuka peke yake. Aliuvuka ua ule mchana kweupe, fimbo haigusi chini sana, hatua zote kumi na moja, na Bathsheba akazitazama moja moja mpaka ya mwisho. Hakumsogezea kiti. Bibi alijivutia mwenyewe.

Bathsheba alininyooshea mkono nimrudishie kitabu. Alitafuta ukurasa, akaupata, akaweka kidole.

“Novemba naenda Homa Bay,” alisema. “Nitalala huko siku mbili. Utajipikia, na utampikia Omwenga.”

“Nitapika,” alisema Nyanchoka. “Sasa soma.”