Kuku Wawili Weusi wa Zadock

Watu wa Ngara walimjua Zadock kwa vitu viwili, hema na mdomo. Hema alikodisha, mdomo alitoa bure. Ukimpa kazi ya harusi au matanga, kamba ya kwanza ikikazwa tayari yuko Bunyore, kwenye mlima wa babu yake, na kamba ya mwisho ikifungwa, babu amekwisha kutiwa ndani na mzungu na amekwisha kufunguliwa.

Babu huyo, mzee Hezekiah, alikuwa wa ukoo wa mvua. Juu ya mlima wao kulikuwa na mawe mawili yaliyoegemeana kama bibi wawili wanaosengenya, na katikati yake chungu kilichozikwa hadi shingo. Babu akipuliza chunguni kwa utete, wingu linakuja. Bwana D.O., mzungu mkuu wa wilaya, alisikia habari hizo, akamfungia kambini kwa kudanganya watu. Babu hakugombana. Aliomba tu aletewe utete wake, akisema koo linamwasha. Kufika alasiri mto ulikuwa umebeba daraja la ofisi, na D.O. mwenyewe akaja na ufunguo mkononi, suruali ameikunja hadi magotini, kumwomba mzee aende nyumbani, na mvua yake aende nayo.

"Na baadaye akawa shemasi," Zadock humalizia, huku akigonga kigingi. "Jumapili anaomba mvua kanisani na wenzake, Jumatatu anapanda mlima kufuatilia."

Peres, mkewe, aliisikia hadithi hiyo mara nyingi kuliko alivyosikia jina lake mwenyewe. Alijua pia kipande ambacho Zadock hakuwaambia wateja: babu alikufa kabla ya kumfundisha mjukuu hata jinsi ya kuita umande. Kama kuna mtu aliyeonewa na mvua Nairobi nzima, ni wao. Chumba chao cha mabati, nyuma ya maduka ya Ngara, kilivuja hivi kwamba masika yaliyopita mtoto wao alilala chini ya kipande cha turubai, hema ndani ya nyumba. Mtoto aliitwa Hezekiah, jina la babu, na kwa kifupi Heze. Alikohoa mpaka mvua ikaisha, na Peres hakukisahau kikohozi kile. Sasa ulikuwa mwaka wa 2009, ukame umekausha mpaka mifereji, lakini redio ilikuwa imeanza kusema El Nino yaja. Kila ilipotajwa, Peres aliinua macho akayatazama matundu ya mabati yakiwaka kama nyota za mchana.

Ndipo Mama Cate alipokuja.

Jina lake hasa ni Waringa, mwenyekiti wa akina mama kanisani kwao, mwenye boma kubwa Loresho. Jumamosi hiyo alikuwa anamwoza binti yake, Cate, katika bustani ya nyumbani, na hema za Zadock alikuwa ameshazikodi. Peres alishangaa kumwona mlangoni na kikapu. Ndani ya kikapu mlikuwa na kuku mweusi, miguu imefungwa, ametulia kama mtu anayengoja kuitwa kortini.

"Baba Heze," alisema Mama Cate, kisha akatazama nyuma kama kuna mtu wa kanisa. "Ile hadithi ya babu yako nimeifikiria. Jumamosi sitaki mvua. Keki ya huyo msichana iko na ghorofa mingi kuliko Kilimani. Si ulisema kwenu mnapelekewa kuku nyeusi?"

"Mama, hiyo ni hadithi. Mimi ni mtu wa hema."

"Na mimi ni mtu wa kanisa. Shika."

Zadock alirudi nyuma hatua moja. Mama Cate akaendelea, sauti chini: "Nyuma ya nyumba yangu kuna chumba ya mawe, kavu, na gereji iko wazi, utaweka hema zako. Jumamosi ikipita vizuri, mtahamia na huyu mtoto."

Kule mlimani, kuku wa mvua akishashikwa na mkono wa mtu wa ukoo, kazi imepokelewa. Hakuna kuapa wala kuandikiana. Asiyeweza kazi humrudisha kuku yule yule kabla ya siku yenyewe, na maneno yanaishia hapo. Zadock alijua sheria hiyo kuliko mtu yeyote, kwa maana ndiye aliyeitangaza Nairobi nzima. Lakini pia alilelewa kwamba mama hawezi kusimama mlangoni kwako na mzigo mkononi. Akashika.

Gari la Mama Cate lilipoondoka Peres alisema, "Umeshika."

"Nimepokea mzigo wa mgeni. Ningeuacha uanguke?"

"Kuku ana mabawa, Baba Heze."

Kesho yake akaja mzee Mbugua. Huyu alilima sukuma wiki Kabete, na pikapu yake ndiyo iliyobeba hema za Zadock kila mwisho wa wiki. Sukuma zake zilikuwa zimebaki vijiti, na ng'ombe wake, kama alivyosema mwenyewe, walikuwa wanakula kwa kukumbuka. Chini ya kwapa alikuwa na kuku mweusi.

"Kijana yangu, sitaki mvua ya kuharibu," alisema. "Ya kulowesha tu. Jumamosi itanifaa, maana Ijumaa napanda." Akamtia Zadock kuku kifuani kama mtu anayemkabidhi mwenzake mtoto. Peres alikuwa ananyonyesha, hakuwahi kumkanyaga mumewe mguu kumwonya.

Jioni waliketi wakitazama kuku wawili, weusi tititi, wamekaa pembeni kama mapacha waliokosana.

"Kabete na Loresho zinatenganishwa na nini?" Peres aliuliza.

"Ua na barabara."

"Na mvua itajua kusimama kwa barabara?"

Zadock alikuna kichwa. "Mambo yenyewe mimi siamini."

"Basi tuwachinje tule."

"Tuchinje kuku wa mvua? Mama Heze, unataka tukufe?"

Wakakubaliana kumrudisha mmoja. Chumba kikavu kilikuwa kwa Mama Cate, kwa hiyo atakayerudi ni wa Mbugua, na Peres ndiye atakayempeleka, kwa maana Mbugua hakuwahi kumgombeza mwanamke mwenye mtoto. Ili wasikosee, Peres alichana kitambaa chekundu akamfunga kuku wa Mama Cate mguuni.

Alhamisi asubuhi alitoka kuchota maji. Aliporudi, Heze alikuwa ameketi sakafuni katikati ya kuku wawili, anatafuna kitambaa chekundu kwa raha zote.

Peres aliwatazama kuku, nao wakamtazama kwa jicho lile lile. Aliwazunguka, akawainua mabawa, akawaita mmoja mmoja. Mwishowe aliona mmoja anakitazama chumba chao kwa dharau, akasema moyoni, huyu ndiye wa Loresho. Akamfunga kitambaa upya. Yule mwingine akamtia kwenye mfuko wa sisali, akamfunga Heze mgongoni, akaenda Kabete.

Mbugua alimpokea kuku bila kumwangalia. "Amenikataa?"

"Amekuheshimu, mzee. Hawezi kukudanganya."

Mzee alitazama mitaro yake mikavu, akamrusha kuku bandani. "Pikapu nitaleta. Hasira ya kuku sitaipakia kwa gari."

Jumamosi jua lilitoka kali. Hema zilisimama nyeupe juu ya nyasi za Loresho, na Mama Cate alipompita Zadock alimkonyeza. Wageni walipoenda kumsindikiza bibi harusi, Peres alizunguka nyuma ya nyumba na kuchungulia kile chumba. Sakafu ya saruji, dirisha lenye kioo, na kwenye ukuta kulikuwa na msumari mmoja. Moyoni mwake alikwisha kutundika sweta ya Heze hapo.

Mchungaji Karanja alihubiri, akahubiri, na keki ilipoletwa mezani upande wa Ngong ulikuwa mweusi. Tone la kwanza lilianguka juu ya ghorofa ya juu kabisa. Peres alimtafuta mumewe kwa macho, akamwona amekuwa rangi ya ugali wa jana. Kisha mvua ikafunguka yote, kama mtu amepiga teke chungu.

Watu walibanana chini ya hema. Hema hazikuvuja hata kidogo, lakini nani alikuwa na habari na hilo. Mama Cate alikuja akiwapenya wageni kuelekea kwa Zadock, kilemba kimemlalia usoni, na Peres alimkumbatia Heze akijua kwamba msumari ule unakwenda.

Kabla hajafika, nyanyake Cate alisimama. Alivua viatu, akaacha mkongojo kitini, akatoka nje mvuani na kupiga ngemi, vigelegele vya kwao. Akina mama wakamfuata, kisha vijana na suti zao. Ulikuwa mwaka wa watu kununua maji kwa mitungi, na hapa maji yanatoka mbinguni bure. Mchungaji alishika kipaza sauti akasema Mungu amejibu maombi ya mwenyekiti wao wa akina mama. Wote wakamgeukia Mama Cate kumpigia makofi. Ikambidi atabasamu.

Hapo ndipo pikapu ilipoingia langoni. Mbugua alishuka amelowa na amefurahi, kuku chini ya kwapa.

"Zadock, huyu si kuku yangu," alisema mbele ya watu wote. "Yangu haina kidole kimoja. Bado iko kwako, ndiyo maana imenyesha."

Kuku alimponyoka. Alitembea taratibu katikati ya viti, akapita meza kuu, akapita keki, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye banda la kuku la Mama Cate, akapanda kiota chake na kutulia.

Vichwa vyote viligeuka kutoka bandani kwenda kwa Mama Cate.

"Mwenyekiti," Mchungaji aliuliza polepole, "kuku yako alifikaje kwa mzee Mbugua?"

Mama Cate alinyoosha kilemba, akaigeukia keki kama ndiyo iliyoulizwa. Peres alimwona Zadock akivuta pumzi, ile pumzi ya kupanda mlima wa babu. Mlima huo ukianza hapa, wameisha wote.

"Mama alimletea mtoto wetu zawadi," Zadock alisema, "na mke wangu akakosea akampa mzee."

Akaishia hapo. Tangu Peres amjue, ilikuwa mara ya kwanza kumaliza hadithi kwa sentensi moja.

"Na wewe mzee, yako ilikuwa ya nini?" Mchungaji alimgeukia Mbugua.

Mbugua, ambaye ni mzee wa kanisa lile lile, aliangalia viatu vyake. "Mimi pia nilikuwa nimeenda kuona mtoto."

"Huyo mtoto ana bahati," alisema Mchungaji.

Baadaye Mama Cate alimpitishia Peres kipande cha keki kwa mkono wake. "Ufunguo uko kwa Nzula, yule msichana wangu wa jikoni," alinong'ona. "Na umwambie Baba Heze, ile hadithi ya babu isivuke hili lango."

Walihamia na pikapu ya Mbugua, mvua inanyesha. Peres alimlaza Heze kando ya ukuta, akakaa akisikiliza vigae vikipigwa, mkono sakafuni. Sakafu ilikuwa kavu. Mtoto alilala bila kukohoa, na sweta yake ikining'inia kwenye msumari.

Hawajamaliza wiki, Mchungaji Karanja alibisha mlangoni na mwavuli na mfuko uliokuwa ukikoroma wenyewe.

"Nimekuja kuona mtoto," alisema, kisha akatazama nyuma. Akamtoa kuku mfukoni, mweupe, mkia tu ndio mweusi. "Nyeusi nimekosa sokoni, naambiwa zimeisha. Mkutano wetu wa injili ni Jumapili, uwanjani, hakuna paa."

Zadock aliingiza mikono yote miwili mfukoni. Peres akazificha zake ndani ya leso. Lakini Heze, aliyekuwa kiunoni mwa mamake, aliinama mbele, akanyoosha vidole vyake vinene, akamshika kuku mguu, na hakukubali kumwachia.