Vibati vya Mkufu wa Nashipae

Nasieku alimchukia Kavutha tangu siku ile Rahab, mwenye karakana ya shanga pale Kitengela, alipompa huyo Kavutha kazi ya kutia vibati. Ni vile vya nikeli vinavyoning'inia pembeni mwa mkufu na kulia kila bibi harusi akitembea. Jamani, Mkamba! Na yeye Mmaasai mzaliwa wa Kajiado anaachiwa shanga tupu. Kilichomuudhi zaidi, Kavutha alijifunga plasta kila kidole kabla ya kushika kazi.

"Ona maringo," Nasieku aliwaambia wenzake. "Vidole kama za bibi ya DC."

Alimsumbua Rahab mpaka akapewa kiti kile cha mtia vibati. Kavutha aliinuka bila ugomvi.

"Mama Nashipae, hizi vitu zinawasha. Jifunge plasta, na usiziweke kwa mdomo."

Nasieku alicheka moyoni. Huyu ana kijicho tu, anataka kunitisha nimrudishie kiti. Akavibana vibati midomoni, jinsi mama yake alivyokuwa akibana shanga, akatunga kwa mikono mitupu.

Miezi haikuwa mingi, vidole vikaanza kuwasha, vikapasuka, vikatoa maji. Midomo nayo ikavimba. Alilaumu sabuni, halafu akamlaumu Kavutha kwa jicho baya. Muuguzi wa Kajiado ndiye aliyemwambia ukweli.

"Ni hiyo nikeli, mama. Ngozi yako imeikataa, na ikishakataa haisahau. Usiiguse tena."

Nasieku alilia njia nzima. Binti yake Nashipae alikuwa anaolewa Desemba, na mkufu wa bibi harusi kwao hutungwa na mama. Ulikuwa umebaki vibati tu. Alijaribu hivyo hivyo, damu ikachafua shanga nyeupe. Mwishowe aliufunga mkufu kwenye leso, akampelekea Kavutha bila kumtazama usoni.

"Lete, mama," Kavutha alisema, akatoa plasta zake.

Siku ya harusi vibati vililia hadi wazee wakageuza shingo.

"Nasieku, mikono yako imebarikiwa!" wanawake walimsifu.

Angeweza kusema. Lakini alimwona Kavutha kule nyuma, akipiga makofi kuliko watu wote kwa vidole vyake vizima, na chuki ikamjaa upya. Akaficha mikono yake ndani ya shuka.

"Asanteni," akajibu.