Katikati Bado Mbuzi

Ndani ya kuta za mji wetu wa Zaria kazi hurithiwa kama pua. Mwana wa mhunzi huzaliwa na moto wake na mwana wa mchinjaji na kisu chake. Aingiaye katika kazi ambayo babake hakuifanya huitwa mdandiaji, hata akiifanya mpaka ndevu ziwe nyeupe. Marehemu Malam Dalhatu, Mwenyezi Mungu amrehemu na amsamehe, alikuwa mdandiaji wa ngozi. Alizaliwa katika ukoo wa Kifulani uliokwisha kusahau ng'ombe na kushika kalamu, ndiyo maana akaitwa Malam, yaani msomi, naye alifanya kazi posta tangu ujana hadi siku waliyompa saa ya ukutani na kumpeleka nyumbani. Mtu aliyezoea kugonga mihuri mchana kutwa hawezi kukaa na mikono mitupu. Karata hakuzipenda, na porojo za kibarazani zilimchosha. Akanunua msharasi wa kutobolea ngozi, kisu cha mpini mfupi na kibuyu kidogo cha sherizi ya kugandishia, akaanza kushona ngozi kwa ajili ya nafsi yake, asiuze hata kipande.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ala ya kisu. Aliipeleka kwa Tanimu, mkuu wa mafundi wa ngozi, ambaye ukoo wake ulikuwa ukishona mikoba na matandiko ya farasi tangu mji ulipokuwa na milango ya kufungwa. Ala ile ilikuwa imepinda kama ndizi. Tanimu aliigeuza mara kadhaa, akamrudishia kwa heshima.

"Kazi nzuri, Malam. Mikono yako ina baraka."

Kisha, bila hata kuvuta pumzi, akamgeukia mpwa wake Lado, mtu mzima mwenye mke na ndevu, aliyekuwa ameinama juu ya mkoba pembeni.

"Na wewe, hii nini? Huu mshono au njia ya mbuzi kwenda kisimani?"

"Mjomba, si nimepinda hapa tu, pachache."

"Fumua wote. Fumua kabla sijakufumua wewe."

Malam Dalhatu alirudi nyumbani akiwa na furaha kubwa. Aliona kwamba yeye, mwanagenzi wa miezi michache, alisifiwa pale ambapo fundi wa kuzaliwa alikaripiwa. Hakutambua kwamba karipio lile lilikuwa ndilo urithi wenyewe, na kwamba sifa aliyopewa ilikuwa mlango uliofungwa taratibu usitoe kelele. Kwa watu wetu mtu mzima haaibishwi usoni. Anayekaripiwa ni mwana, na mwana hakaripiwi ila na mwenye haki naye.

Basi akaendelea, na insafu yataka tuseme kwamba alisonga mbele. Mshono wake ulinyooka. Alijifunza kupaka uzi nta mpaka upite kimya, kukata utepe mwembamba kama jani la mtama, kusuka kingo, na kubandika mapambo ya ngozi nyekundu juu ya ngozi nyeusi bila sherizi kuvuja. Kila lililoonekana kwa jicho alilishughulikia kwa subira ya mtu mcha Mungu. Lakini ngozi yenyewe alitaka kuitengeneza kwa mkono wake, tangu ikiwa na manyoya, na hapo subira ilimwishia. Ngozi ya mbuzi hulazwa katika majivu, hukwanguliwa, hulainishwa kwa kinyesi cha njiwa, kisha huzamishwa katika maji ya maganda ya mgunga yaliyotwangwa. Maji hayo hubadilishwa tena na tena mpaka ngozi inywe hadi moyoni. Majungu yake yalikaa nyuma ya jiko, na Dije mkewe hakuwa mtu wa kunyamaza.

"Malam, wageni wakija wananiuliza nimepika nini. Niwajibu nini?"

"Waambie subira."

"Subira hainuki hivi. Leo litoke hilo jungu, au nitoke mimi."

Hivyo ngozi ilitolewa pindi ilipogeuka rangi.

Mtu mmoja tu alimwambia ukweli, naye alikuwa Alhaji Grema, muuza ngozi mbichi karibu na machinjio, Mkanuri mnene mwenye sauti ya mnadani. Mfulani na Mkanuri ni watani tangu enzi za mababu. Kila mmoja humwita mwenziwe mtumwa wake, na baina yao hakuna neno linalohesabiwa tusi. Malam Dalhatu alipokwenda kuchagua ngozi, Grema alimpokea kama ilivyo desturi.

"Mtumwa wangu kaja kuchukua nini leo?"

"Nimekuja kuona kama umeoga. Naona bado unanuka samaki wa ziwa lenu."

"Samaki wangu amekufa, ananuka kwa haki yake. Huo mfuko wako je? Lete." Grema akauchukua mfuko wa tasbihi aliokuwa ameushona Malam, akaunusa, akaukunja karibu na sikio. "Hii ngozi uliitoa jungu lini?"

"Rangi ilipogeuka."

"Imegeuka nje. Katikati bado mbuzi huyu. Ukilia meee, atakuitikia."

Wapagazi wakacheka. Grema hakunyamaza.

"Nyinyi Wafulani ngozi mnaijua ikiwa bado inatembea. Ikishavuliwa mmepotea. Kata ukingo uone. Ukikosa mstari mweupe katikati, mimi ni mtumwa wako kweli."

"Mtumwa wangu umekuwa tangu babu yako. Nikate kazi yangu nzuri kwa ajili ya maneno ya mtumwa?"

Naye hakukata. Alilichukua neno lile hadi uani mwa msikiti, akalisimulia baada ya alasiri, akiigiza sauti ya Grema na ile meee, na watu wakacheka mpaka machozi. Wanazuoni waliotutangulia wametufunza kwamba muumini ni kioo cha mwenziwe. Malam Dalhatu alikiona kioo, akakidhani kinyago cha ngomani.

Mwalimu wetu sote mtaani alikuwa Malam Inuwa, mzee aliyekuwa amekwisha kupindukia themanini. Msahafu wake uliandikwa kwa mkono na babu yake, kwa wino wa masizi na irabu nyekundu, katika kurasa zisizoshonwa, kama walivyoandika watu wa zamani. Kwa kuwa alikuwa amehifadhi Kurani yote kifuani, Msahafu huo ulitundikwa katika ukumbi wa mbele mwaka mzima, ukashushwa Ramadhani tu, kwa darasa la tafsiri. Mwaka ule mkoba wake wa kale ulikatika ukanda, na kila mtu alijua kwamba Tanimu ataitwa. Malam Dalhatu akatangulia. Kwa mwalimu huyo ndiko alikojifunza alifu juu ya ubao kabla ya kupelekwa shule ya serikali, na tamaa yake yote ya miaka ile ilikuwa imekusanyika mahali pamoja: mkono wake, mkono wa mdandiaji, ustahili kubeba Msahafu ule. Mtu akiweza hilo, nani tena atamwita mdandiaji?

Aliuleta mkoba kabla ya mvua, siku ya Ijumaa, mbele ya watu. Ulikuwa mzuri. Kifuniko kilikuwa na nyota ya ngozi nyekundu, ukanda ulisukwa kwa nyuzi za rangi mbili, na mshono ulikwenda kama mstari wa mwandishi. Malam Inuwa aliupapasa, maana macho yake yalikuwa yamefifia.

"Tanimu, wewe ndiye mwenye kazi. Unaonaje?"

Tanimu aliushika. Kidole gumba chake kilipita juu ya ukingo, kikasimama, kikapita tena. Malam Dalhatu alikuwa mbele yake, amevaa joho lake la Idi.

"Hii ni kazi ya mtu anayempenda mwalimu wake," alisema Tanimu.

Watu wakaitikia amina. Hapo Grema, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, akapaza sauti.

"Malam Inuwa, usiutie Msahafu ndani ya mbuzi. Mvua zikija ataamka."

Ukumbi mzima ukacheka, hata mzee akacheka kwa fizi zake.

"Mtumwa wangu ana wivu," akasema Malam Dalhatu. "Kwao Msahafu hubebwa ndani ya gunia la samaki kavu."

"Sawa. Mimi nimesema."

"Umesema, na sisi tumecheka. Kaa chini."

Kurasa zikatiwa ndani, mkoba ukatundikwa. Mvua za mwaka ule hazikuwa kali kuliko za miaka mingine, ingawa baadaye zilisingiziwa mengi.

Usiku wa kuandama mwezi ulipopita, asubuhi ya Ramadhani, mkoba ulishushwa kwa ajili ya darasa. Aliyeushusha aligeuza uso. Ukingo ulikuwa umevimba kisha ukakauka mgumu kama kwato, na matundu ya mshono yalikuwa yamechanika. Malam Inuwa alipofungua kifuniko, vijidudu vyenye manyoya vilimwangukia katika vidole. Vilikuwa vimekula moyo mbichi wa ngozi kwa ndani, na vilipoumaliza vikaingia katika karatasi. Kuanzia Suratu Maryam hadi Suratul Furqan kurasa zilikuwa zimetobolewa kama chekecheo, na kuvu imelamba irabu nyekundu.

Malam Dalhatu alikuwa amekaa safu ya mbele. Hakuna aliyemtazama, na huko kutotazamwa kulimuumiza kuliko macho.

"Mvua za mwaka huu," alisema Malam Inuwa kwa upole. "Zimeharibu hata mtama wa watu."

"Ni kadari," wakasema waliokuwepo.

Mzee akayafunga macho, akaanza kusoma kwa hifadhi, na darasa likaendelea. Kurasa zilizoharibika hazitupwi; zilizikwa mahali pasafi nyuma ya msikiti. Malam Dalhatu ndiye aliyechimba. Alipotaka kusema neno la kuomba radhi, mzee alimshika mkono akamwombea heri, na neno likarudi tumboni.

Nyumbani alikata ukingo wa mkoba. Mstari mweupe ulikuwepo, kama ufizi kati ya midomo miwili. Akauchukua, akaenda kwa Tanimu.

"Ulijua."

Tanimu aliendelea kupaka nta uzi wake.

"Kidole chako kilisimama pale ukingoni. Nilikiona. Ulijua, ukanyamaza."

"Malam, ningesemaje? Siku ile, mbele ya mwalimu wako na watu wote?"

"Ungenijia nyumbani. Ungeniambia miaka yote hii. Lado unamwambia kila siku."

"Lado ni wangu," akasema Tanimu. "Akikosa, limekosa jina langu. Wewe ni mtu mzima, muungwana, unajifurahisha na ngozi. Nikufumue kwa haki gani?" Kisha akaongeza, na naamini alidhani anamfariji, "Na mshono ulikuwa mzuri, Malam. Kweli kabisa."

Mkoba mpya ulishonwa na Lado, bila tangazo, ukatundikwa palepale. Hakuna aliyeutaja.

Malam Dalhatu aliacha kushona kwa muda, kisha akarudi, kwa kuwa mikono haijui toba. Safari hii alilihamisha jungu nje ya ukuta, shambani, na akaiacha ngozi inywe mpaka mwenyewe akachoka kungoja, kisha akaiacha tena. Alipoikata, rangi ilikuwa moja kutoka uso hadi uso. Akashona mkoba mdogo, usio na pambo lolote, wenye mshono tu na ukingo wazi. Lakini alikuwa amekwisha kujua jambo moja chungu: kosa hili alilijua kwa sababu aliambiwa. Mangapi mengine hakuambiwa?

Akaenda machinjio kwa Grema. Alikuwa na hakika kwamba huko angalau kuna mdomo mmoja.

Hakujua, au hakutaka kujua, yaliyokuwa yakinong'onwa mtaani. Watu waliokataa kumlaumu fundi walihitaji wa kumlaumu, na walimpata. Walisema ni ulimi wa Grema uliomwamsha mbuzi. Alitamka na likawa. Wanawake walikuwa wameanza kuwafunika watoto wachanga anapopita, na ndugu mmoja alikuwa amemnyima mwaliko wa harusi. Mtu yule wa sauti ya mnadani alikuwa akizungumza sasa kama mgonjwa.

"Salaam alaikum, mtumwa wangu," akasema Malam Dalhatu mlangoni.

"Waalaikum salaam, Malam. Karibu. Habari za nyumbani?"

"Nyumbani wazima. Nimekuletea mbuzi mwingine. Mchunguze."

Grema akaupokea mkoba kwa mikono miwili. Hakuunusa. Hakuukunja karibu na sikio.

"Kata ukingo," akasema Malam Dalhatu. "Kisu hiki hapa. Au sema tu. Mshono je? Ukanda? Sisi Wafulani tunajua ngozi inayotembea tu, si ulisema?"

"Ule ulikuwa utani, Malam."

"Basi nitanie."

Wapagazi walikuwa wamesimama na mizigo yao, wakingoja kucheka.

"Nasema mbele ya watu hawa," Malam Dalhatu akasema. "Mimi ndiye mtumwa. Umeshinda, wewe na babu zako wote. Sasa mwambie mtumwa wako kosa lake."

Neno hilo Mfulani hamwambii Mkanuri, hata kwa upanga. Zamani Grema angelipigia mbiu sokoni mwaka mzima. Aliuweka mkoba katika mikono ya mwenyewe, taratibu, kama mtu anayerudisha amana.

"Kazi nzuri, Malam," akasema. "Mikono yako ina baraka."