Dole Gumba la Mabruka

Wiam, binti anayesoma sayansi ya polisi chuoni Ibra, alirudi nyumbani na wino na kadi ya alama za vidole, akamwomba mama yake, Mabruka, ajifunzie kuchukua alama kwenye vidole vyake. Kazi ilitakiwa kesho yake.

Mabruka hakujua kusoma. Zamani kaka yake Khalaf alimchovya dole gumba kwenye wino, akaligandamiza kwenye karatasi na kumwambia ni ya hospitali tu. Shamba lake la mitende kule Al Kamil likawa la Khalaf.

"Vidole tisa chukua," Mabruka alimwambia binti yake. "Dole gumba la kulia sikupi."

"Mama, mwalimu atanikata maksi."

"Na akukate. Mie nilikatwa shamba zima."

Wiam alicheka, akavishika vidole vya mama yake kimoja kimoja kwa upole, kama anayempaka hina. Nafasi ya dole gumba aliiacha tupu, akaandika maneno mawili.

"Umeandika nini hapo?" Mabruka aliuliza.

"Mwenyewe hakuridhia."

Mabruka akamtaka asome tena, polepole. Dole hakulitoa, lakini chai ya maziwa siku hiyo alimmiminia Wiam kwanza, kabla ya kaka zake Wiam waliozoea kutangulia.