Mizinga ya Minesato Maru

Elkanah, dereva wa kampuni ya pampu za maji Jeddah, alikuwa na mikono isiyojua kutulia. Ijumaa, wenzake wa chumba huko mtaa wa Mahjar wakiuchapa usingizi, yeye alikaa chini na kisu akichonga malori kwa mbao za makreti.

Bosi wake, mhandisi Mjapani Noguchi, aliwahi kufanya kazi Mwea, Kenya, na Kiswahili kikamkaa. Siku moja wakitoka Riyadh, alimsimulia habari za baba yake, mzee wa miaka mia sasa. Akiwa na miaka kumi na mitano aliajiriwa jikoni kwenye meli ya mizigo, Minesato Maru, iliyofika hadi Mombasa kupakia pamba na magadi. Vita Kuu ya Pili ilipowafikia, jeshi la Japani liliitwaa, likaipaka rangi ya kijivu na kuifungia mizinga. Shehena ikawa watu: askari elfu mbili walirundikwa tumboni mwake kama magunia. Nyambizi iliizamisha karibu na Ufilipino. Kijana yule alielea siku mbili juu ya mlango wa jikoni.

"Nichongee meli hiyo, Elkanah. Picha ninayo moja tu."

Ijumaa sita baadaye meli ilikuwa tayari, mizinga na yote. Noguchi alimpigia baba yake kwa video. Mzee aliikodolea macho, akasema neno, na Noguchi akaangua kicheko.

"Anasema umesahau vyoo! Vya askari vilining'inia nje, juu ya maji."

Kisha mzee akasema tena, taratibu.

"Anaomba uing'oe mizinga. Anataka meli aliyoipanda mwanzo."

Elkanah hakungoja. Alichukua koleo, akang'oa mmoja. Mzee akapiga makofi. Akang'oa wa pili; makofi tena. Wa mwisho uligoma, na mzee akawa anahimiza kwa sauti kama shabiki wa mpira, hadi ulipochomoka.

"Halas, baba!" Elkanah alipaza sauti kwa Kiarabu, kwamba imekwisha, naye mzee akaitikia, "Halas!" bila kujua maana yake.

Elkanah aliipaka upya rangi nyeusi, akaishonea magunia madogo ya shuka kuukuu. Noguchi alipokwenda likizo kwao Japani, aliipakata ndani ya ndege.

Wiki iliyofuata picha ikaja: mzee kasinzia kitini, meli kifuani. Elkanah aliizungusha simu chumba kizima. Griffins, mlinzi wa lango la ghala na mwenzake wa chumba, aliitazama picha sana.

"Kumbe fundi tunalala naye humu, tunamwita dereva!"

Elkanah alicheka hadi machozi yakamtoka.